Safisha Kabisa

Mama Pasi aliifunga laptopu ya marehemu binti yake kwa foronya nyeupe, akaikaza fundo juu kama mtu anayefunga mzigo wa nguo za mteja, akaibeba kifuani mpaka kwa fundi. Foronya ilikuwa imepigwa pasi. Angeweza kuitia kwenye mfuko wa nailoni kama watu wengine, lakini mwanamke huyu alikuwa amefua na kunyoosha nguo katika nyumba moja ya wageni kwa miaka thelathini na sita, na hakuna kilichotoka mikononi mwake kikiwa na makunyanzi. Ndiyo maana majirani walishasahau jina alilopewa na wazazi wake.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chembamba kilichobanwa kati ya mchonga funguo na muuza magodoro. Ndani mlikuwa na meza ndefu yenye taa ya kuinama, vikopo vya skrubu ndogo kama punje za mtama, na laptopu kadhaa zilizopasuliwa matumbo zikisubiri zamu. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima, kichwa kimeanza kuingia mvi, mwenye jozi mbili za miwani: moja machoni, nyingine juu ya paji la uso. Mtaa mzima ulimwita Macho Manne, na yeye aliitika bila kununa.

“Mama, hii imekuja imevaa kama bibi harusi,” alisema akifungua fundo.

“Kitu kikitoka kwangu hutoka kimenyooka. Itazame kwanza, maneno ya harusi baadaye.”

“Haya. Inaumwa nini?”

Mama Pasi akatoa karatasi kwenye pochi. Alikuwa ameandika kila kitu nyuma ya kipande cha boksi la sabuni, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba. “Tuliirudisha kama ilivyotoka kiwandani, ijifute yote. Ikahesabu mpaka asilimia ishirini na mbili, ikazimika pu. Tukaiwasha, ikaendelea ilipoachia, ishirini na saba, giza. Mara ya tatu thelathini na tano. Mara ya nne thelathini na nane. Mara ya tano haikuongeza hata moja, na hapa chini ya tumbo ungeweza kukaangia yai.”

Macho Manne akacheka kidogo. “Wateja wangu wote wangekuwa kama wewe, ningefunga duka saa sita mchana. Wengi huja wakaniambia tu imekufa.” Akaigeuza, akaweka sikio kwenye matundu ya pembeni, akanusa. “Na ilipouliza, mlichagua kufuta tu, au kufuta na kusafisha diski?”

“Kusafisha, bila shaka.”

“Nani alichagua?”

“Mimi.”

Ilikuwa hivi. Mjukuu wake, ambaye kwa wembamba wake waliomzunguka walimwita Njiti, alikuwa amefaulu kwenda shule ya bweni, na shule ile ilitaka kila mtoto aje na kompyuta. Kompyuta ya mama yake ilikuwepo kabatini, mwaka wa saba sasa, lakini ilikuwa nzito kuamka kama mgonjwa. Mwalimu aliyepanga chumba cha jirani akasema dawa yake ni kuirudisha kiwandani. Akaja jioni, akabonyeza hapa na pale, kisha kioo kikauliza swali: ifute tu, au ifute na kusafisha kabisa? Mwalimu akasema kufuta tu kunatosha, ni kazi ya muda mfupi, kule kusafisha ni kwa wanaouzia watu wasiowajua. Mama Pasi akamwangalia kama anavyomwangalia msichana mgeni wa kazi anayetaka kusuuza shuka mara moja. Mtoto anakwenda kwa watu, anapewa kitu nusu safi? Akanyoosha kidole chake mwenyewe, chenye ncha laini isiyo na alama kwa sabuni za miaka yote ile, akabonyeza: safisha kabisa.

“Basi ndiyo imechoka,” Macho Manne alisema. “Kusafisha ni kazi ya saa nyingi, na feni yake naona haipumui. Ikipata moto inajizima ili isiungue. Nikiifungua, nikaondoa uchafu, nikabadilisha mafuta ya kupoozea, itamaliza. Lakini mama, humu ndani hakuna kitu mnachokihitaji?”

“Hakuna.”

“Maana hapo ilipofika, mengi bado yapo. Ni kama umeanza kufua kitambaa kirefu toka ncha moja, huku kwingine maji hayajafika. Naweza kuitoa diski kwanza, nikanakili kilichobaki. Siku mbili tatu.”

“Mtoto anaondoka Jumapili, na leo ni Jumatano.”

“Nauliza tu. Watu hulia hapa.”

Mama Pasi akajinyoosha. Kama kuna jambo moja alilojivunia chini ya jua, ni hili. Katika miaka thelathini na sita hajaloweka nguo bila kupekua mifuko. Alishatoa pete mbili, meno ya bandia ya mzee mmoja mheshimiwa, chura mdogo aliye hai, na barua ya mapenzi ambayo haikuwa imetoka kwa mke wa mwenye suruali, na ile barua aliikunja akairudisha bila kusema neno. “Nimepekua, mwanangu,” alisema. “Nilikaa na mjukuu wangu siku nzima. Picha mia nne na kumi na mbili tumezitia kwenye flashi, tumezihesabu mara mbili. Zilizobaki ni karatasi za ofisini kwao, ripoti za mwaka, na ofisi ina nakala zake. Wewe itengeneze imalize.”

Macho Manne akaishusha ile miwani ya juu, ikakaa juu ya ya chini. “Basi njoo kesho saa nane,” akasema, na akashika bisibisi.

*

Yule binti alikuwa karani katika ofisi ya maji. Mtu wa maneno. Akiingia nyumbani, sauti yake ilikuwa imeshatangulia mlangoni, inasimulia nani kamwambia nini na yeye kamjibu vipi. Mume alimwacha wakati Njiti bado anatambaa, naye akarudi kwa Mama Pasi, wakawa watatu chumba na sebule. Kisha koo likaanza kumkwaruza. Wakasema mafua, wakasema vumbi la mafaili, mpaka daktari akatia kamera na kukuta uvimbe umekaa pale pale sauti inapotengenezwa. Akawaambia hakuna njia nyingine, pale patakatwa, na akitoka chumba cha upasuaji hatazungumza tena.

Alitoka na tundu shingoni na daftari mkononi. Miezi saba aliishi kwa daftari. Chai imepoa. Nani kafungua dirisha? Mwambie Njiti asinitazame hivyo. Mama Pasi aliyasoma yote, polepole, akifuata kwa kidole, na usiku wa mwisho ule ukurasa ulikuwa na mstari tu, kalamu ilianza ikashindwa kupanda.

Tangu hapo nyumba ilikuwa na vitu vyake vyote isipokuwa kimoja. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji siku za kuuguza, ikafa na vilivyomo. Mwaka jana Njiti, akiwa anaosha vyombo, aliuliza bila kugeuka: “Bibi, sauti ya mama ilikuwaje?”

“Ilikuwa nzuri.”

“Nzuri vipi? Nyembamba au nene? Mimi nakumbuka akiandika tu.”

Mama Pasi akafungua kinywa amwigize. Alijua kabisa ilivyokuwa, aliisikia kichwani, lakini kilichotoka kilikuwa sauti ya bibi mzee anayeigiza mtu. Njiti akaendelea kuosha sahani ile ile. Hawakulizungumza tena.

*

Alhamisi saa sita na nusu, Mama Pasi akiwa kazini na shuka la kitanda kikubwa mezani, simu yake ikaita. Alikuwa karani mmoja aliyefanya kazi na marehemu, rafiki wa chanda na pete, ambaye siku hizi amehamishiwa kituo cha mbali.

“Mama, hongera. Nimesikia mwanetu amefaulu.”

“Asante, mwanangu. Jumapili anakwenda bweni.”

“Ndiyo maana nimepiga. Kuna amana nimekaa nayo. Nilikatazwa nisiseme mpaka Njiti amalize shule ya msingi. Zile wiki tatu kabla ya kukatwa koo, unakumbuka alikuwa hali chakula cha mchana? Tulikuwa tunajifungia stoo ya karatasi, yeye na mimi, kwa sababu ndipo palipokuwa kimya. Alikuwa anamrekodia mtoto. Maneno ya kumwambia akiwa mkubwa. Kila siku moja, siku nyingine mbili tatu. Ziko thelathini na moja.”

Mama Pasi aliibana simu sikioni. Pasi ilikuwa bado mkononi.

“Ziko kwenye ile laptopu yake. Aliziweka kwenye folda ya Ripoti za Mwaka, alisema hakuna mtoto duniani atakayefungua kitu chenye jina hilo. Na wewe alikuficha, usimchukie. Alisema mama akijua atazifungua usiku na mchana mbele ya mtoto, na nyumba haitakauka machozi. Mama? Unanisikia?”

Shuka lilianza kutoa moshi. Mama Pasi akainua pasi, akaona alama ya kahawia ya umbo lake pale katikati, ya kwanza tangu aanze kazi. Akachomoa waya ukutani. “Nakusikia,” akasema. “Ngoja nitakupigia.”

Kutoka nyumba ya wageni mpaka kwa fundi ni mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye magoti mazima. Yake yalikuwa yameshakula miaka ya kusimama kwenye sakafu yenye maji. Alikimbia hivyo hivyo, aproni kiunoni, akipita katikati ya watu na samahani mdomoni. Alipiga namba ya fundi, haikushikwa; baadaye alijua kwamba Macho Manne, akiwa na skrubu mkononi, huiacha simu iite mpaka ichoke. Njiani alikuwa anapiga hesabu kama mwehu. Mtu aliyempa kazi jana tu huenda hajaigusa. Mafundi ni waongo, kila mtu anajua. Ukimpa mwezi huu anaifungua mwezi ujao. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliomba akutane na mtu mvivu.

Alimkuta Macho Manne anatabasamu.

“Umewahi, mama. Saa nane bado. Njoo uone kilichokuwa kwenye feni,” alisema, akamwonyesha kibonge cha vumbi kijivu kwenye kiganja. “Pamba ya kujaza mto. Nimeitoa, nimepaka mafuta mapya, nikaiwasha toka jana jioni. Sasa inakwenda kama maji. Baridi kabisa, shika mwenyewe. Imefika tisini na—”

“Izime.”

“Bado kidogo tu. Tisini na tatu.”

“Izime, mwanangu. Izime.”

Macho Manne hakuuliza. Alichomoa waya, akaipindua, akang'oa betri kwa kucha. Kile kioo kikawa cheusi, na ule mlio mdogo wa diski ukashuka, ukashuka, ukaisha. Ndipo akamvutia mama stuli.

Mama Pasi alimweleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyoeleza kila kitu: stoo ya karatasi, wiki tatu, folda, thelathini na moja. Alipofika pale pa kusema ni sauti, sauti yake yeye ikakatika.

“Lakini mama, nili—” Macho Manne alianza, kisha akauma maneno. Akavua jozi moja ya miwani, akaifuta, akavua na ya pili.

“Sema tu. Uliniuliza.”

“Hata ningekuuliza mara kumi.”

“Uliniuliza mara mbili nikakujibu kwa maringo. Ile mashine ilikataa mara tano, fundi. Mara tano imejizima yenyewe, kama mtu anayeng'ang'ania mlango asitolewe. Mimi nikaibeba nikaileta mtu aivunje nguvu.”

“Na mimi ningekuwa mzembe leo,” alisema Macho Manne, “ningekuwa fundi bora mtaani.” Halikuwa neno la kuchekesha, na hakuna aliyecheka. Aliitoa ile diski, kibati kidogo kisichozidi kiganja, akaiweka juu ya kitambaa. “Imebaki asilimia saba haijaguswa. Nitaipekua yote. Sitakuahidi kitu. Njooni Jumamosi.”

*

Mama Pasi alijikaza kisabuni mpaka nyumbani. Njiani alikuwa ameamua kutomwambia mtoto mpaka Jumamosi ijulikane. Lakini alipoingia akamkuta Njiti amepiga magoti mbele ya sanduku la shule, ametandika kanga mpya chini, amepanga soksi sita, na pembeni ameacha nafasi ya mraba.

“Hapa inakaa laptopu,” Njiti alisema. “Nimepima kwa daftari mbili. Imepona?”

Mama Pasi akakaa kitandani. Akamwambia. Hakuacha kitu, hata lile la kidole chake mwenyewe.

Njiti alisikiliza huku akikunja soksi. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena.

“Alisema mimi? Alizungumza na mimi?”

“Na wewe.”

“Ngapi?”

“Thelathini na moja.”

“Na mwalimu alisema kufuta tu kunatosha.”

“Alisema.”

“Mimi nilikuwepo,” alisema Njiti. “Nilisikia. Ukamwambia sisi siyo watu wa nusu nusu.” Akalifunga sanduku taratibu, akabana vifungo viwili, akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi za nje. Mama Pasi alimpelekea chakula, akakikuta baadaye kimeingia baridi na nzi mmoja.

Ijumaa mtoto alikataa kupigiwa pasi sare za shule. “Nitapiga mwenyewe,” alisema, na hakuwa amewahi kushika pasi, kwani nani angeshika pasi katika nyumba ile. Mama Pasi alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, akimtazama anavyokosea: anaanza na mwili badala ya kola, anakunja mshono uliokwisha nyooka, anaacha mistari miwili kwenye kila mkono. Mara tatu alinyanyuka nusu. Mara tatu akakaa. Shati liliishia na alama ya kung'aa begani.

“Umemaliza?” aliuliza.

“Nimemaliza.”

“Haya.”

Hayo ndiyo maneno waliyozungumza siku ile nzima. Jioni karani alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza Mama Pasi alimweleza yaliyotokea. Mara ya pili walikaa tu kwenye simu, kila mtu upande wake, salio likiisha.

*

Jumamosi alasiri waliongozana kwa fundi, Njiti hatua nne mbele. Macho Manne alikuwa amefunga mlango nusu na kumwambia mchonga funguo awapokee wateja wake. Macho yalikuwa mekundu chini ya ile miwani. Alivuta stuli mbili.

“Huyu ndiye mwenyewe?” aliuliza. “Shikamoo zako baadaye, mwanangu, kaa. Nitakuambia kama mtu mzima. Diski ina mahali inapoandika majina ya vitu, na mahali inapoweka vitu vyenyewe. Kile kipande kilichobaki kilikuwa na majina. Majina yote nimeyapata. Vyenyewe vimekwenda.”

“Vyote?” aliuliza Mama Pasi.

“Kuna kimoja. Siyo kizima. Ni mkia wa kitu, sijui cha jina lipi. Sekunde kumi na tisa.”

Alianza na majina. Akageuza kioo kuelekea kwao, na majina yakashuka moja chini ya jingine, kwa herufi ndogo, jinsi karani anavyopanga mafaili. Siku ya kwanza bweni. Ukianza kuumwa tumbo la kike. Ukikosana na bibi. Jinsi ya kumjua mwongo. Baba yako na mimi. Ukifeli. Ukipata mshahara wa kwanza. Kisha mengine mengi, hadi Kwa nini nilikupiga siku ile. Uji usiokuwa na madonge. Ukitaka kuolewa. Usipotaka kuolewa. Na chini kabisa: Kaburi langu msilipambe. Njiti aliyasoma kwa midomo bila sauti. Mbele ya kila jina palikuwa na tarakimu ya ukubwa wake, kisha palipotakiwa kufunguka, patupu.

Mama Pasi aliishia pale kwenye jina la tatu. Aliliangalia muda mrefu. Kwa hiyo binti yake alijua watakosana. Alikaa stoo, kati ya maboksi ya karatasi, njaa inamuuma, koo linamkwaruza, akafikiria siku ambayo hawa wawili watakosana naye hayupo kuwapatanisha, akajua la kusema, akalisema.

“Nicheze?” Macho Manne aliuliza.

Njiti akatikisa kichwa ndiyo.

Kwanza palikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayeburuta boksi. Kisha akaingia, katikati ya neno, bila hodi, kama alivyokuwa akiingia nyumbani: “—la, la, ngoja, nianze upya. Karatasi imeanguka. Hebu niokotee, shoga, hapo chini ya mguu wako. Siyo huo, mguu wa pili.” Akacheka. Kicheko kilikwama njiani kikageuka kikohozi, kikohozi kirefu, na mtu wa pembeni akasema pole. “Asante. Haya. Niko wapi?” Kisha tik, na kimya.

Mama Pasi alishika ukingo wa meza. Ilikuwa yenyewe, yote, na ile tabia yake ya kupandisha mwisho wa neno. Ila ilikuwa imeshachakaa. Ilikuwa na mchanga ndani yake. Alikuwa akiisikia kila siku wiki zile na hakuona, kwa sababu sauti ya mtu wa nyumbani husikilizi, unasikia tu anachosema.

“Ndiyo hiyo?” Njiti aliuliza. Alikuwa hajamtazama bibi yake tangu Alhamisi. Sasa alimtazama.

“Ndiyo hiyo.”

“Ni nene. Mimi nilidhani nyembamba.”

“Ilikuwa nyembamba kidogo kabla ya kuumwa.”

“Cheza tena, fundi,” alisema Njiti, na Macho Manne akacheza. Akacheza mara saba, nane, na mara ya tisa akainuka akasema anakwenda kumwona mchonga funguo, akatoka akasimama nje akiwa hana la kumwambia mchonga funguo.

Njiti akatoa daftari jipya kwenye begi, moja kati ya yale ya shule, akaandika nambari moja mpaka thelathini na moja, akaanza kunakili majina, moja kila ukurasa. Mwandiko wake ulikuwa wa kulala kama wa mama yake. Mama Pasi alimwangalia akifungua ukurasa, anaandika mstari mmoja juu, anaufunua mwingine, na kurasa zinabaki nyeupe nyuma yake. Alipofika ishirini na mbili kalamu ikasimama.

“Bibi. Hapa, kwa nini nilikupiga siku ile. Siku ipi?”

“Sijui, mama.”

“Alinipiga?”

“Sikumbuki alikupiga. Labda sikuwepo.”

“Mimi pia sikumbuki.” Akakaa akifikiri, kalamu mdomoni. “Yeye alikumbuka peke yake.”

Mama Pasi alitaka kusema neno. Alikuwa na maneno mengi, miaka sitini na nane ya maneno, kuhusu uji na waongo na mishahara na wanaume. Alivuta stuli karibu. “Njiti. Mengine hapo mimi naweza kukuambia. Nitakachokuambia kitakuwa changu, siyo chake. Chake nimekifuta mimi.”

Nje muuza magodoro alikuwa anabishana na mtu kuhusu urefu wa godoro, na Macho Manne alisikika akiwaomba wapunguze sauti.

“Najua,” alisema Njiti mwishowe. Hakulisema kwa ukali, wala hakulisema kwa kusamehe. “Basi usiniambie leo.”

Akafungua ukurasa wa ishirini na tatu, akaendelea kuandika.